Uzi: 125 ya zamani inawaka vizuri ikiwa baridi, ikipata joto inazima. Mfumo wa moto karibu wote ni mpya

#1 Kiki_ya_Tatu

Wakuu salaam. Akili yangu imegota, naomba macho mapya.

Nina pikipiki ya zamani ya cc 125, silinda moja, mipigo miwili. Ilinifikia ikiwa fremu, injini iliyoganda na ndoo mbili za skrubu. Nipo nayo mwezi wa kumi na nne sasa. Krenki imejengwa upya, beringi na sili mpya pande zote mbili, silinda imechongwa na kuwekewa pistoni ya oversaizi ya kwanza, fremu imepigwa rangi ya unga ile ya kuokwa. Moto wake hautegemei betri. Kuna flaiwili ya sumaku, ndani yake platini (vile vidole viwili vinavyofunga na kukata umeme), kondensa na koili ya kuzalisha umeme. Koili ya plagi iko nje, imefungwa kwenye fremu chini ya tanki.

Ikiwa baridi inawaka kiki ya pili au ya tatu, inatulia, inavuta vizuri. Kati ya dakika ya 12 na ya 15 inaanza kumisi, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Hapo piga kiki hamsini, haisikii. Nikiiacha nusu saa inawaka kama vile haikuwa na shida yoyote.

Vipya ni plagi, kofia ya plagi, waya wa plagi, platini (pengo 0.35 mm) na kondensa. Taiming, yaani wakati wa cheche, nimeseti platini zifunguke pistoni ikiwa 4 mm kabla ya kufika juu kabisa. Nikichomoa plagi na kuigusisha kwenye kichwa cha silinda, cheche naiona. Nianzie wapi?

#2 Plagi_Nyeusi

Kondensa. Dalili zote ulizotaja ni zake. Uzi ufungwe.

#3 MzeeMagneti

Plagi_Nyeusi, mgonjwa hajakaa kwenye kiti wewe umeshamwandikia dawa.

Lakini simpingi. Kiki_ya_Tatu, hiyo kondensa "mpya" ni ya kutengenezwa juzi, au imekaa kwenye boksi lake tangu enzi za pikipiki yenyewe? Zile za zamani ni karatasi na foili zilizoviringishwa ndani ya kikopo, na karatasi inavuta unyevu hata ikiwa juu ya rafu. Unaweza kufungua boksi ambalo halijaguswa miaka arobaini ukakuta kondensa ilishakufa kitambo. Tena nyingi zinakufa kwa joto. Zikiwa baridi zinashika chaji, zikipata joto zinavuja.

Fanya hivi. Usiku fungua dirisha la flaiwili, mtu mwingine apige kiki, wewe kodolea platini. Kicheche kidogo cha bluu ni kawaida. Ukiona mwako mnono wa manjano au mweupe kila zinapofunguka, kondensa haifanyi kazi.

#4 Silinda_Pweke

Mimi nilidhani kazi ya kondensa ni kuzuia mikwaruzo kwenye redio. Pikipiki haina redio, si aitoe tu ajaribu?

#5 BintiGereji

Hapana ndugu yangu, ya redio ni nyingine, hukaa kwenye dainamo au kwenye koili za magari. Hii ya platini ukiitoa umeua cheche.

Platini zikiwa zimefungwa, umeme unazunguka kwenye koili na kujenga sumaku. Zikianza kufunguka, ule umeme hautaki kusimama. Kama hakuna kondensa unaruka kwenye mwanya wa platini zenyewe, unazichoma, na ile sumaku inafifia taratibu. Kondensa inaupokea umeme huo kwa muda mfupi mno, platini zinaachana bila mwako, sumaku inaporomoka ghafla. Ule mporomoko wa ghafla ndio unaozaa maelfu ya volti kwenye waya wa plagi. Ikiporomoka polepole hupati kitu.

Kwa injini nyingi za aina hii ni mikrofaradi 0.18 hadi 0.25. Na naongezea kwa Mzee: kondensa ina vifo viwili. Ikikatika ndani, platini zinawaka kama alivyosema. Ikivuja, hutaona mwako wowote wa ajabu, cheche ya plagi tu ndiyo inadhoofika. Kwa hiyo kutouona mwako si ushahidi kwamba ni nzima.

#6 Chuma_Chakavu

Kabla hatujafika mbali, ni pikipiki gani hasa?

#7 Kiki_ya_Tatu

Tanki lilikuja bila nembo na sehemu ya nambari ya injini imekwanguliwa. Pistoni niliyotoa ilikuwa ya 52 mm na pistoni inasafiri 58 mm. Gia tatu, zinaingizwa kwa mguu wa kushoto.

#8 Chuma_Chakavu

52 kwa 58! Hizo ni cc 123, na hizo ndizo namba za ukoo wa DKW RT 125 ya Ujerumani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia michoro yake ilichukuliwa kama fidia. Waingereza wakatoa BSA Bantam mwaka 1948, Wamarekani wakatoa Harley-Davidson ndogo ya 125, Wasovieti wakatoa Moskva. Baadaye Yamaha nao pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, waliijenga kwa kufuata umbo hilohilo. Sijui kama kuna injini nyingine yenye watoto wengi namna hii, na nikiiona popote moyo unaruka.

Yako si Bantam. Waingereza waliigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo, gia ikahamia mguu wa kulia. Wala si YA-1, ile ina gia nne.

#9 Plagi_Nyeusi

Kwa hiyo imebaki nusu ya dunia tu. Kondensa.

#10 Msasa_400

Nyote mmesoma "rangi ya unga ya kuokwa" mkapita. Mimi nimesimama hapo hapo.

Rangi ile ni plastiki. Umeme wa plagi ukishuka kwenye kichwa cha silinda lazima urudi kwenye koili, na njia yake ya kurudi ni kiini cha chuma cha koili, bolti, kisha fremu. Kama pale kwenye bolti kuna rangi chini ya washa, umefunga mlango. Na haufungi moja kwa moja! Nyuzi za bolti zinagusa chuma kidogo, injini inafanya kazi, kila kitu kinatikisika na kutanuka, mguso unapotea.

Yangu ilinila wiki sita. Nilibadilisha koili mbili. Siku niliyokwangua rangi kiasi cha upana wa sarafu chini ya koili na kuweka washa ya meno, ugonjwa uliisha na haujarudi mpaka leo.

#11 Kiki_ya_Tatu

Msasa_400 asante, nimekwangua leo asubuhi. Pia nimevuta waya wa arthi kutoka kwenye kiini cha koili moja kwa moja hadi bolti ya injini. Swichi ya kuzimia nimeichomoa kabisa isije ikawa inagusa usukani kwa ndani.

Imezima dakika ya 14.

#12 Dereva_wa_Mchanganyiko

Mnatafuta moto kwenye tatizo la mafuta. Dakika 12 hadi 15, kila siku, halafu usubiri ndipo iwake. Huo ni mfuniko wa tanki! Tundu la hewa limeziba, mafuta yakishuka yanaacha utupu juu yake, mwisho utupu unayashikilia yasishuke. Unakaa nusu saa, hewa inapenya kidogo kidogo, bakuli la kabureta linajaa, unawaka tena na unaapa kwamba ni joto.

Niliwahi kusukuma pikipiki kilomita nne kwa sababu ya tundu lisilozidi unene wa sindano. Na ndiyo, mimi pia nilishanunua kondensa.

#13 BintiGereji

Hoja ya Dereva ni ya kweli na kuipima hakugharimu kitu. Kiki_ya_Tatu, tatizo la uzi huu ni kwamba vipimo vyako vyote umevifanya ikiwa baridi. Pikipiki baridi ni nzima, umeshatuambia. Itege ikiwa mgonjwa.

Andaa plagi ya pili ya majaribio, ipanue pengo hadi 6 mm, ifunge vizuri kwenye chuma cha injini. Endesha mpaka izime. Ikizima tu, bila kupoteza hata dakika moja, fungua mfuniko wa tanki usikilize kama unavuta hewa. Chomoa plagi ya ndani uangalie, kavu au imelowa. Kisha hamishia waya kwenye plagi ya majaribio, piga kiki. Cheche inayoruka 6 mm hewani ina nguvu ya kutosha. Ile uliyoiona kwenye pengo la kawaida haithibitishi chochote, maana ndani ya silinda hewa imebanwa na kuivuka kunadai volti nyingi zaidi.

Na angalia uzito wa kiki. Silinda imetoka kuchongwa. Ikiwa kiki ni nzito kuliko kawaida baada ya kuzima, pistoni inabana kwa joto, na hapo tunazungumzia hatari nyingine kabisa.

#14 Kiki_ya_Tatu

Nimefanya kama alivyoelekeza dada BintiGereji. Imezima dakika ya 13.

Mfuniko: ndiyo, nimesikia "fyuu" ndogo. Nimepiga kiki mfuniko ukiwa wazi, ikawaka, ikaenda kama dakika mbili, ikazima tena.

Plagi ya ndani: imelowa.

Plagi ya majaribio kwenye 6 mm: hakuna kitu. Nikaibana hadi 0.6 mm nikapata cheche nyembamba ya rangi ya chungwa, tena inaruka-ruka, kiki nyingine inakuja nyingine haiji.

Kiki: uzito uleule.

#15 Dereva_wa_Mchanganyiko

"Fyuu"! Na ikawaka mfuniko ukiwa wazi! Mimi nimemaliza.

#16 Plagi_Nyeusi

Umemaliza wapi, plagi imelowa. Iliyokosa mafuta plagi yake inakuwa kavu. Na cheche haivuki 6 mm. Tanki linadhoofisha cheche kwa njia gani?

#17 Dereva_wa_Mchanganyiko

Amepiga kiki nyingi akiitafuta iwake, kwa hiyo lazima ilowe. Cheche sibishi. Nasema kuna magonjwa mawili. Pikipiki iliyokaa kwenye ndoo haina sababu ya kuwa na ugonjwa mmoja.

#18 Silinda_Pweke

Cheche ya chungwa ni mbaya na ya bluu ni nzuri, hilo nalijua hata mimi.

#19 MzeeMagneti

Rangi isikutawale. Unaitazama mchana au gizani, plagi ni safi au ina mafuta, vyote vinabadilisha rangi. Kipimo ni umbali inaoweza kuruka. Ila nakubali kwamba iliyo nyembamba, ya chungwa na inayokosa-kosa kama hii imechoka.

Nami nina mshukiwa wangu, sumaku. Flaiwili imekaa miaka bila kazi, na hatujui waliotangulia waliitoa kwa pula (kifaa cha kuivutia) au kwa nyundo. Nyundo inaua sumaku za zamani. Sumaku dhaifu inatosha kuwasha injini baridi, ikipata joto inapungua zaidi, basi. Zinaweza kuchajiwa upya na watu wenye mashine hiyo, nimeshafanya kwa flaiwili mbili na tofauti inaonekana kwa macho.

#20 BintiGereji

Mzee, kwa heshima zote, hapo kwenye joto napinga. Flaiwili za miaka ile ni sumaku za alniko. Alniko inapungua kiasi cha 0.02% tu kwa kila nyuzi moja ya joto. Ikipanda nyuzi 60 umepoteza asilimia moja na kidogo. Za feraiti ndizo zinazopoteza kama 0.2% kwa nyuzi, hizo ningekuelewa. Sumaku iliyouawa kwa nyundo ingemsumbua hata asubuhi.

#21 MzeeMagneti

Hesabu nimeipokea binti yangu. Lakini sijasema joto linafanya kazi peke yake. Kama sumaku imebaki na nguvu ya kutosha kwa kubahatisha, kitu kingine chochote kikipungua kidogo tu kwa joto, jumla inashuka chini ya mstari. Asubuhi ipo juu ya mstari kwa unywele. Siiondoi kwenye orodha.

#22 Kiki_ya_Tatu

Wakuu habari mpya. Nimezibua tundu la mfuniko. Pia nimetoa kondensa ya ndani (Mzee ulikuwa sahihi, ilikuwa ya boksi la zamani) na kuweka ya filamu, mikrofaradi 0.22, volti 630, nimeitoa nje ya injini kwa waya mfupi na kuifunga chini ya tanki mbali na joto.

Leo imekwenda dakika 26 kabla ya kuzima!

#23 Plagi_Nyeusi

Niliandika neno moja kwenye #2.

#24 Dereva_wa_Mchanganyiko

Soma tena alichoandika. Kilichotangulia ni tundu.

#25 BintiGereji

Kiki_ya_Tatu, umebadilisha vitu viwili kwa siku moja, sasa hatujui kipi kimekupa zile dakika 13 za nyongeza. Nakuomba sana, kimoja kwa wakati mmoja, uandike kwenye daftari. Ukiziba tundu kwa utepe kesho na kuendesha utajua.

#26 Plagi_Nyeusi

Binti, bado inazima. Anayemaliza kazi hachagui kipi kilichotangulia, anatafuta kilichobaki. Kondensa ikiwa nzima na bado inazima, nahamia kwenye koili ya plagi. Nyuzi zake zimefunikwa vanishi ya zamani. Zikipata joto zinatanuka, penye ufa panaachana au umeme unaruka ndani kwa ndani badala ya kuja kwenye plagi.

#27 Silinda_Pweke

Basi aweke koili ya gari, zile za volti 12 zina nguvu.

#28 Msasa_400

Usijaribu. Koili ya gari ina ohmu kama 3 upande wa msingi, ule unaopokea umeme, na imeundwa kulishwa na betri. Mfumo huu unalishwa na koili ya kuzalisha yenye ohmu moja au chini yake, na umeme wake unakuja kwa pigo fupi sumaku inapopita. Inataka koili ya plagi ya aina yake, yenye ohmu ndogo upande wa msingi. Ukiweka ya gari utapata cheche dhaifu au usipate kabisa, halafu utaanza kulaumu vitu vizima.

#29 Kiki_ya_Tatu

Nimepima koili ya plagi upande wa volti kubwa. Baridi ni kiloohmu 6.4. Mara tu baada ya kuzima, ikiwa ya moto huwezi kuishika muda mrefu, ni 7.3. Imepanda sana, au siyo?

#30 BintiGereji

Haijapanda sana, imepanda inavyotakiwa. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu 0.39% kwa kila nyuzi. Tuseme ilikuwa nyuzi 25 ikafika 62. Nyuzi 37 ni kama 14%. Zidisha 6.4 kwa 1.14, unapata 7.3. Kwa mita, koili yako ni nzima.

#31 Plagi_Nyeusi

Kwa mita. Mita inasukuma volti chache tu, na koili inapofanya kazi mle ndani mna maelfu. Ufa wa vanishi hauonekani kwa volti chache. Nimeshaona koili zinazopima vizuri mezani na kufa kazini, siyo moja.

#32 BintiGereji

Hapo uko sahihi na sina la kukujibu. Dawa ni kuipoza peke yake. Ikizima, funika koili ya plagi kwa kitambaa kilichoroweshwa maji baridi, usiguse kingine chochote. Ikiwaka baada ya dakika mbili badala ya thelathini, umeipata. Kinyume chake pia unaweza kufanya injini ikiwa baridi kabisa: pasha koili kwa kikausha nywele kabla ya kuwasha.

#33 Silinda_Pweke

Nauliza tu bila ugomvi, kwa nini msimshauri aweke CDI, ule moto wa kielektroniki? Hakuna platini wala kondensa yake.

#34 Chuma_Chakavu

Kwa sababu ametumia miezi kumi na minne kuirudisha ilivyokuwa. Sauti ya injini hii kwa mwendo wa chini, ule ukakamavu wa platini zikipiga, ni sehemu ya kitu chenyewe. Na platini ukikwama unaweza kuzisafisha kwa kipande cha karatasi ukaondoka. CDI ikifa unasukuma.

#35 Dereva_wa_Mchanganyiko

Chuma_Chakavu, mimi nasukuma hata yenye platini. Silinda_Pweke hajauliza vibaya. Nina moja niliyoigeuza na moja ya asili, naziendesha zote, na safari ndefu naenda na ile niliyoigeuza. Ila kubadili mfumo kabla ya kujua ugonjwa ni kuuhamisha tu. Kama koili ya kuzalisha chini ya flaiwili ndiyo mbovu, hata CDI inayotumia sahani ileile iliyobeba koili hiyo itazima.

#36 MzeeMagneti

Hiyo koili ya kuzalisha hatujaigusa kabisa, na ndiyo inayokaa kwenye joto kuliko zote. Kiki_ya_Tatu ipime, lakini kwa uangalifu. Iko chini ya ohmu moja au hapo hapo, na nyaya za mita peke yake zina ohmu 0.2 au 0.3. Gusanisha ncha za mita kwanza, andika namba, kisha uitoe kwenye kipimo. Na platini ziwe wazi, weka kipande cha kadibodi katikati yake, vinginevyo unapima platini zilizofungwa na utasoma sifuri.

#37 Kiki_ya_Tatu

Nimekuwa kimya siku nne, nilikuwa naandika kwenye daftari kama nilivyoagizwa.

Siku ya kwanza: nimeziba tundu la mfuniko kwa utepe, kondensa ya filamu ikiwapo. Dakika 24. Bila utepe kesho yake: dakika 27.

Siku ya tatu: imezima dakika ya 25, kitambaa cha maji kwenye koili ya plagi. Dakika mbili, hakuna. Dakika tano, hakuna. Dakika kumi na moja imewaka, lakini kwa shida.

Siku ya nne: koili ya kuzalisha baridi ohmu 0.8, ya moto 0.9 baada ya kutoa za nyaya.

Na kuna kitu sikukitarajia. Nilipofungua dirisha kuweka kadibodi nikapima pengo la platini. Niliseti 0.35. Sasa ni 0.24.

#38 Dereva_wa_Mchanganyiko

Dakika 24 na 27. Nakubali tundu si mwuaji mkuu. Lakini ile "fyuu" haikuwa ndoto.

#39 Plagi_Nyeusi

Dakika kumi na moja badala ya thelathini. Koili ya plagi ina mkono wake humu.

#40 Msasa_400

Au injini nzima ilipoa dakika kumi na moja kwa sababu siku hiyo kulikuwa na upepo. Dada BintiGereji alisema dakika mbili.

Mimi hiyo 0.24 ndiyo inanitoa usingizini. Kisigino cha platini mpya kinalika haraka mwanzoni kikisugua kamu (nundu inayozifungua platini) ikiwa kavu. Pengo likipungua, platini zinafunguka kwa kuchelewa, taiming inarudi nyuma. Ile 4 mm yako haipo tena. Moto ukichelewa injini inachemka kupita kiasi, ekzosti inakuwa bluu karibu na silinda. Halafu kwenye mfumo huu usio na betri kuna kingine: platini lazima zifunguke wakati umeme wa koili ya kuzalisha uko kileleni. Zikichelewa, kilele kimeshapita na cheche ni dhaifu hata kama kila kifaa ni kizima. Je, kile kipande cha sufi kinachogusa kamu ulikipaka grisi?

#41 Kiki_ya_Tatu

Kipande cha sufi hakikuwepo. Sikujua kama kinatakiwa kuwepo. Ekzosti imeanza kuwa na rangi ya dhahabu na bluu, nilidhani ni kawaida ya kromu mpya.

#42 MzeeMagneti

Kinatakiwa. Tone la grisi ya joto kali linatosha, ukizidisha litarukia platini na tutaanza uzi mwingine.

Lakini Msasa, pengo dogo ni dogo asubuhi na jioni. Taiming iliyochelewa inaeleza injini kuchemka, haielezi cheche kufa kabisa kwenye 6 mm wakati asubuhi ilikuwepo.

#43 Msasa_400

Asubuhi ameipima kwenye 6 mm? Rudi kwenye #1, ameangalia kwenye pengo la plagi la kawaida tu.

#44 BintiGereji

Kweli, hatuna kipimo cha 6 mm ikiwa baridi. Hilo ni kosa langu pia, nilipaswa kukiomba kwanza.

Na niongeze mshukiwa ambaye hakuna aliyemtaja. Mkono wa platini unazunguka kwenye kijiti kupitia kibushi kidogo. Kwenye platini nyingi zinazotengenezwa siku hizi kwa ajili ya injini za zamani, kibushi kinabana. Baridi mkono unarudi, ikipata joto kibushi kinavimba, mkono unakwama na kubaki umening'inia wazi. Platini zisipofunga hakuna umeme unaojengeka, na cheche hupati. Nimeliona hili mara mbili, na mara zote mbili pikipiki ilikuwa imeshabadilishiwa kondensa na koili.

#45 Kiki_ya_Tatu

Hilo naweza kuliangalia bila kuvua flaiwili?

#46 BintiGereji

Ndiyo, kwa dirisha. Ila lazima uwahi. Kesho asubuhi kwanza pima cheche ya 6 mm ikiwa baridi, uandike. Usiguse lile pengo la 0.24 bado, liache hivyo hivyo. Endesha mpaka izime, fungua dirisha, zungusha flaiwili kwa mkono polepole na utazame mkono wa platini unavyorudi. Usukume kwa kijiti cha mbao. Unatakiwa kurudi kwa kishindo kidogo, *tak*. Ukirudi kwa uvivu, piga picha kabla haujapoa.

#47 Plagi_Nyeusi

Na akiikuta inarudi *tak*, aniazime ile koili niiweke kwenye oveni nyuzi 80.

#48 Chuma_Chakavu

Ukifungua hilo dirisha tafadhali piga picha na ya maandishi yaliyo kwenye sahani ya platini, kama yapo. Bado sijalala kwa ajili ya jina lake.

#49 Kiki_ya_Tatu

Nimeshaweka mafuta, plagi ya majaribio imefungwa, daftari liko juu ya tanki. Alfajiri.